Mwaka wa Simu ya Mlipuko

Mimi ni mtu wa kushuku, na ni vizuri niseme mapema. Nikiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, nafika stendi saa kumi na moja nikiamini kuna watu wamepanga kuniacha. Mwanangu akinisifu kwamba nimependeza, namuuliza anataka nini. Wanaonifahamu hunicheka, na mimi hucheka nao, lakini tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliiokota Kasulu mwaka 2013, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, na nimeibeba hadi mvi zimeanza kunitoka. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni Spesioza, binti wa Mwalimu Baltazari. Akasema baba yake amefariki, mazishi ni Kitanga keshokutwa, na marehemu ameacha kitu akaagiza nipewe mimi mkononi. Neno la kwanza lililonijia halikuwa pole. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilijiuliza huyu mzee anataka nini tena na mimi.

Nilipangiwa shule ya sekondari pembeni mwa mji wa Kasulu, kufundisha fizikia na hesabu, nikitokea Singida, msichana mwenye begi moja na godoro lililokunjwa. Chumba nilikipata kwa Bi Zuhura, mjane wa mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Pangani aliyeletwa Kigoma na ndoa na kubakizwa na duka. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, na haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake palikuwa wazi kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Kwa hiyo hapakuwa na siri. Nililala nikijua nani anakohoa, nani anamsema nani, na bei ya sabuni imepanda kiasi gani. Bi Zuhura alitupikia walimu watatu chakula cha jioni sebuleni, na alipika kama yuko kwao: akipata nazi iliyokuja na basi, tulikula wali; asipopata, hulaumu mkoa mzima huku akitukaangia samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese. Hata jua la Kasulu alilishuku. Alisema linachelewa kuzama makusudi, watu wa kwao Pangani wameshaswali wamekula, yeye bado anasubiri maghrib.

Ukutani mwa sebule, kando ya mlango wa kutokea, palitundikwa kalenda ya kuchana, ile yenye jani moja kwa kila siku, tarehe ya kawaida kwa namba kubwa na ya Kiislamu kwa ndogo chini yake. Kaka yake aliituma kutoka Tanga kila mwaka. Hapakuwa na kalenda nyingine nyumbani mle, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa mwenyewe. Akimaliza kuswali maghrib alipita pale, akachana jani, akalikunja mara nne na kulitia kwenye kopo la vifungo. Niliona akifanya hivyo mwaka mzima. Niliona kama mtu anavyoona jirani akimwagilia maua, bila kufikiri chochote.

Mwalimu Baltazari alikuwa mwalimu wa jiografia na mkuu wa taaluma pale shuleni, Muha wa Kitanga, mtu wa makamo, mrefu, kola ya shati imefungwa hadi kifungo cha juu hata jua likiwa kali. Miaka miwili kabla sijafika, kikundi cha watazama nyota wa nje kilikuja kutafuta watu wa kuwasaidia katika sehemu za dunia ambako hakuna darubini. Wakamfundisha kwa wiki mbili, wakamwachia darubini ya bomba, kioo chake upana wa sinia la pilau. Haikuwa na kamera wala kompyuta. Ilikuwa ya jicho, daftari na penseli. Siku ya kwanza kunionyesha alinieleza kazi yenyewe akiwa ameshika chaki, kama yuko darasani. Mbali kupita nyota zote tunazoziona, alisema, nyota kubwa inapokufa hutema miale ya gama kwa sekunde chache tu. Miale hiyo haifiki ardhini, anga linaizuia, lakini kuna setilaiti huko juu zinaiona na kutangaza papo hapo imetoka upande gani. Baada ya mlipuko hubaki mwanga wa kawaida, kama moshi baada ya bunduki, na mwanga huo hufifia upesi: dakika za kwanza ndizo zenye habari. Sasa setilaiti ikitangaza, nchi nyingine ni mchana, nyingine zina mawingu. "Lazima awepo mtu wa kukimbia," akaniambia. "Huku kwetu hakuna taa za kuharibu giza. Hilo Mungu, Imana wetu, katupa bure."

Tangazo lilikuja kama ujumbe kwenye kisimu kidogo cha tochi ambacho hakikutumika kwa jambo jingine. Tulikiita simu ya mlipuko. Mzee alikibeba mfuko wa shati popote, na kiliwahi kulia kanisani kwenye misa ya jioni, wakati wa mageuzo, hostia ikiinuliwa, akatoka mbio mbele ya padri, watu wakadhani ana msiba. Darubini ilikaa kwenye kibanda cha matofali nyuma ya bwalo, paa lake la bati likisukumwa pembeni juu ya reli za mbao alizochonga fundi seremala wa Titye. Kufikia Juni tulikuwa tumekimbia mara tisa na mara tisa hatukuambulia kitu: wingu, mwezi mkubwa, au mahali penyewe pamezama nyuma ya kilima. Kila mara aliandika kwenye kaunta buku, lile daftari nene, kwa mwandiko wa pole: sikuona kitu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuandika kutokuona. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Alikuwa na masharti, na aliyarudia hadi nikayaota. Kabla jicho halijagusa kioo, andika tarehe. Kila ukitazama, andika saa. Andika ulichoona, siyo ulichotegemea. Na ukikosea usifute: piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, tia saini, ili anayekuja nyuma yako ajue ulikosea wapi. "Hatuna picha, mwanangu," alisema. "Tuna neno letu tu. Neno likiingia doa, hii darubini ni bomba la maji."

Mji haukuipenda darubini ile. Mwaka ule watu walikuwa wakiulizwa babu zao walizaliwa upande gani wa mpaka, na mtu mwenye shangazi Burundi, kama Baltazari, aliulizwa mara mbili. Sokoni nilisikia kwamba bomba linachungulia kambi ya wakimbizi kule njia ya Makere. Wengine walisema linachungulia mpaka. Mama mmoja aliyeniuzia maharage aliniuliza kama ni kweli linaona watu ndani ya nyumba zao wakioga. Nilimwambia kioo kinatazama juu. Akasema, "Na mabati yetu si yako juu?" Mkuu wetu wa shule, mtu mwema lakini mwoga wa barua, alitaka kitu kimoja tu maishani, kwamba lisisikike neno lolote kuhusu shule yake. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio, sijathibitishwa kazini. Doa lolote kwenye faili ningerudi Singida na godoro langu.

Bi Zuhura ndiye aliyenipandikizia mbegu. Hakuwa mbaya, alikuwa mpweke, na mpweke akikosa la kusema husema watu. "Huyo mzee wako," alinong'ona akipakua, ingawa kunong'ona nyumba ile kulikuwa kazi bure, "kwa nini simu yake hailii mchana?" Nilimwambia inalia, ila mchana hatuna la kufanya. "Na wewe, mtoto wa watu, anakufundisha bure? Hataki kitu? Mwanangu, mtu asiyetaka kitu muogope." Nilicheka. Lakini nikienda kulala maneno yale yalinifuata, na kidogo kidogo nikaanza kutazama mikono ya Mwalimu Baltazari anapoandika, kuona kama ataandika jina langu au lake peke yake.

Mwezi wa saba akaenda Kibondo wiki nzima kusahihisha mitihani ya utamilifu. Aliniachia simu ya mlipuko, kaunta buku, ufunguo wa kibanda na kitabu cha ramani za nyota, kizito kama mtoto wa mwaka. Alinikabidhi vitu hivyo kimoja kimoja, mbele ya mkewe, kama mtu anayekabidhi mahari. Siku tatu hakikulia. Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Najua ilikuwa Alhamisi kwa sababu ya udi. Kila Alhamisi jua likizama Bi Zuhura alichoma udi, akamsomea marehemu mumewe Yasini, kisha akatupikia wali wenye hiliki, kwa kuwa kwao Ijumaa huingia na magharibi ya Alhamisi. Tulikuwa tumekaa kula, moshi wa udi umetanda chini ya bati, saa mbili na dakika chache usiku, simu ikalia. Nilisoma namba mbili za mahali. Upande wa kusini, juu ya upeo kwa upana wa kiganja ukinyoosha mkono. Nje mbingu ilikuwa safi kama sahani. Niliruka, nikachukua kaunta buku, na pale pale mlangoni nikakumbuka sharti: kabla jicho halijagusa kioo. Kibandani kuna giza, nikasema niandike hapa penye taa. Nikainua macho ukutani, nikanakili tarehe, nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia Bi Zuhura akisema, "Ameshamroga, huyo."

Naomba nielezee nilichokiona, kwa sababu kwa miaka yote hii sijamsimulia mtu. Nilisukuma paa, nikaelekeza bomba kwa kuruka nyota hadi nyota kama alivyonifundisha, tochi yenye kitambaa chekundu mdomoni, nguo zangu zikinuka udi. Kwenye ramani, mahali pale palikuwa na nyota tatu kama mafiga. Kwenye kioo zilikuwa nne. Niliondoa jicho, nikalirudisha. Nne. Ya nne ilikuwa ndogo, hafifu mara mia kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho tupu linaweza kuiona, lakini ilikuwepo, imetulia, haina habari na mimi. Nililinganisha na jirani zake nikaandika daraja la mng'ao, kumi na moja nukta nne, saa mbili na dakika ishirini na moja. Baada ya dakika kumi ilikuwa imefifia. Baada ya kumi nyingine imefifia tena. Nilikaa hadi ilipozama kwenye giza la kioo nisiweze tena kuapa kwamba naiona, na hapo nikaandika sikuona, kama alivyotaka. Nilikuwa nalia. Kitu kilichokufa kabla dunia haijawa na jani moja la mti, mwanga wake wa mwisho umesafiri kote huko, na nyumba nzima ya Kasulu ikala wali, mimi peke yangu nikatoka nje kuupokea.

Asubuhi yake, simu ilileta ujumbe mwingine: darubini inayojiendesha yenyewe kusini mwa bara ilikuwa imeuona mwanga ule ule, na namba zao zilikaribiana na zangu. Nilifurahi, nikaona ni ushahidi. Jumamosi Mwalimu Baltazari akarudi. Alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama, akausoma tena amekaa, kisha akamwita mkewe kwa Kiha na wote wawili wakacheka huku wakipangusa macho. Jioni ile nilikula kwake, ugali wa muhogo na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, na alinipa firigisi, ambayo kwao humegewa mwenye heshima. "Ego," ndiyo kwa Kiha, alikuwa akirudia, "mara ya kumi. Mara ya kumi!" Jumatatu akaenda mjini penye intaneti, akanakili ukurasa wangu kama ulivyo, tarehe, saa na namba, akautuma.

Zilipita wiki tatu. Halafu siku moja, wakati wa chai ya saa nne, akaja kukaa karibu yangu kwenye chumba cha walimu, akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Mwalimu," akasema. Alizoea kuniita mwanangu. "Usiku ule. Uliona kweli?"

"Niliona."

"Kwa macho yako?"

"Mzee, kwa macho yangu. Kwani vipi?"

"Na ile ripoti ya kusini iliyokuja kwenye simu, uliisoma kabla ya kuandika au baada?"

"Baada. Asubuhi yake. Unaniuliza kama polisi."

Akakoroga tena. "Basi," akasema, akaondoka na kikombe chake. Toka siku ile hakunipa tena simu ya mlipuko. Ufunguo wa kibanda ukahamia mfukoni mwake. Nilijiambia ni wivu. Mtu amekimbia mara tisa hakuona, msichana kakimbia peke yake mara moja kaona, nani asingeumia? Nilimweleza Bi Zuhura, na Bi Zuhura akafurahi kwa namna ya mtu ambaye dawa yake imefanya kazi. "Si nilikwambia? Sasa ngoja uone jina la nani litakalosomwa huko ulaya."

Halikuchukua muda. Jumapili moja mchana nilikuwa nimejilaza chumbani, mkuu wa shule akaja sebuleni kwa Bi Zuhura. Alikuwa akipenda kukutana na watu pale, mbali na ofisi, na mwenye nyumba alikuwa dukani. Baada ya muda nikasikia sauti ya Baltazari ikipiga hodi. Nililala kimya nikitazama boriti, na maneno yao yakaja juu ya ukuta, moja moja.

"Hii barua ya hawa watu wa darubini nimeielewa nusu," mkuu alisema. "Wanasema tumewadanganya?"

"Wanauliza, mkuu. Wanasema namba zinafanana mno na za wenzao."

"Sasa nani aliandika hizo namba? Nataka jina. Wakiandika wizarani, mimi niwe na jina."

Nilisikia kiti kikilia. "Ni mimi," Baltazari akasema. "Niliyekuwa kwenye darubini ni mimi."

"Ulikopi?"

"Andika hivyo."

"Baltazari! Mtu mzima?"

"Andika hivyo, mkuu, tumalize."

Nilibaki kitandani nimeshika shuka. Ningeweza kutoka. Hatua nne, pazia, sebule. Lakini nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, au nilijiona nimeelewa: mzee alifuta namba zangu, akaweka za wale wa kusini ili ripoti ipendeze, akaweka na jina lake juu, na sasa amekamatwa. Nilichokiona kwa macho yangu kimegeuzwa wizi. Na ningetoka, ningeulizwa nami nilikuwa wapi, na mimi bado sijathibitishwa. Kwa hiyo hasira na woga vikakaa pamoja kitanda kimoja, na sikutoka. Nilisubiri mpaka wote wawili wakatoka na mlango ukafungwa.

Alivuliwa ukuu wa taaluma. Mwezi wa kumi lilikuja gari kuchukua darubini, likaifunga kwenye masanduku ya mbao, na paa la kibanda likabaki wazi nusu hadi mvua zikaingia. Shule haina siri pia. Wanafunzi wakamwita Kopi. Alikuwa akipita uwanjani na kola yake imefungwa, sauti inatoka nyuma ya madarasa, "Kopiii," naye hageuki. Siku moja kijana wa kidato cha tatu alilisema mbele yangu, akamwigiza anavyotembea, na mimi nilicheka. Niliona Baltazari amesimama dirishani. Mwisho wa mwaka nilithibitishwa kazini, nikaomba uhamisho, nikapelekwa Kibondo. Siku ya kuondoka alikuja stendi, akanisaidia kupandisha godoro juu ya basi. "Endelea kutazama juu," akaniambia. Nikamjibu asante, Mwalimu, kwa sauti ya kumwambia sisahau alichonifanyia. Kibondo nilifundisha miaka kumi na sikuwahi kumpigia simu hata mara moja. Kila mtu aliyenitendea wema tangu hapo alipimwa kwa mzani wa Baltazari, na wengi niliwaona wamepungua.

Nilikwenda Kitanga. Nilikwenda kwa udadisi, siyo kwa majonzi, nikasimama nyuma kwenye mazishi nikihesabu nani ananitazama. Baada ya kula, Spesioza, ambaye ni muuguzi, mrefu kama baba yake, aliniita kwenye chumba cha marehemu. Kitanda cha mbao, rozari, picha ya darasa. Nyumba ile nayo haikuwa na dari, na uani wajomba na majirani walikuwa wakizungumza kwa sauti za watu walioshiba. Akanipa kaunta buku. Ndani yake mlikuwa na barua mbili zilizokunjwa.

"Alisema hili ni lako," akasema Spesioza. "Sisi hatulipendi. Mama alikuwa akituambia baba hajawahi kusema uongo ila mara moja, kuhusu nyota. Shuleni tuliitwa watoto wa Kopi. Wewe ulikuwepo. Alidanganya nini hasa?"

Nikafungua barua ya kwanza, ile ya wale watazama nyota wa nje. Ilikuwa ya heshima. Walisema mlipuko ulitokea Alhamisi, na ripoti ya Kasulu inasema mwanga ulionekana Ijumaa usiku, siku nzima baadaye, ukiwa bado na nguvu za nusu saa ya kwanza. Jambo hilo haliwezekani. Ijumaa usiku darubini ya ukubwa ule isingeona chochote. Na kwa kuwa namba zinakaribiana na zilizokwisha tangazwa Ijumaa asubuhi, wanaomba kujua ni nani aliyetazama. Barua ya pili ilikuwa nakala ya jibu, mwandiko wa pole. Aliyetazama ni mimi, ameandika Baltazari. Mwalimu mwenzangu hakuwepo. Yeye bado ni mgeni kazini na kazi yake ni safi; naomba asiguswe na jambo hili.

Nilisoma mara tatu. Sikuwa najua habari ya Ijumaa. Mimi nilitazama Alhamisi, wali ulikuwa wa hiliki, udi ulikuwa kwenye nguo zangu. Nikafungua ukurasa wangu, nikitegemea kukuta alama za kufutwa, namba zangu zimebadilishwa. Hapakuwa na kitu kilichoguswa. Namba zote zilikuwa zangu. Na juu kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe, wa haraka, umeegemea kulia, ilikuwepo tarehe ya Ijumaa.

Ndipo nikamwona Bi Zuhura, amemaliza kuswali, mtandio bado kichwani, anapita kwenye kalenda na kuchana jani. Alhamisi ilikunjwa mara nne ikaingia kwenye kopo la vifungo saa nzima kabla simu haijalia. Kwake ilikuwa Ijumaa tayari. Mimi nilinakili ukutani kama alivyoniagiza mzee, kabla jicho halijagusa kioo. Sharti lake nililitimiza kuliko siku zote. Naye aliporudi hakuwa na sababu ya kutilia shaka neno langu mpaka barua ilipokuja, na ilipokuja alitazama tarehe, akatazama ujumbe wa kusini uliokuwa kwenye simu niliyokaa nayo, akaona alichokiona: binti amechelewa siku nzima, ameogopa kusema, amenakili. Akaniuliza kama niliona. Hakuniuliza siku. Nami nilikuwa na hasira mno kumwambia. Baada ya hapo akaamua nisirudishwe Singida na godoro langu.

Nilimweleza Spesioza yote, polepole, nikimwonyesha kidole kwenye ukurasa. Alinisikiliza kama muuguzi anavyomsikiliza mgonjwa, bila kunisaidia.

"Kwa hiyo uliiona kweli," akasema mwishoni.

"Niliiona."

"Na baba alikufa akiamini kwamba wewe ndiye uliyedanganya."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaishi ukiamini ni yeye."

Nililia pale kitandani kwake, na sikujali nani anasikia. Spesioza alitafuta mezani akapata kalamu ya baba yake, akaiweka juu ya daftari. Nilipiga mstari mmoja juu ya tarehe ya Ijumaa, bila kuifuta, nikaandika pembeni tarehe ya Alhamisi, nikatia saini yangu na tarehe ya siku hiyo. Wino ulikuwa mzito. Alingoja ukauke, akalichukua daftari, akatoka nalo uani.

Nikasikia kelele za kule nje zikishuka, kisha sauti yake ikaja juu ya ukuta, akisema kwa Kiha halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, kwamba baba yao hakukopi nyota, ni tarehe tu iliyokosewa. Mtu mmoja akauliza, sasa aliyekosea ni nani? Akajibu kwamba ni yule mwalimu wa Singida, yumo ndani. Ikawa kama ile Jumapili kwa Bi Zuhura, mimi nipo kitandani, pazia liko hatua nne. Nikapangusa uso kwa kitenge, nikasimama, nikatoka.